Milia, madoa na mabaka: uchukue hesabu ipi kati ya hizi nne?

Kila msimu wa maonesho ya sayansi ukikaribia, wanafunzi wa klabu yangu ya hisabati hapa Mwanza huniletea wazo lile lile: "Mwalimu, tunataka kueleza kwa nini punda milia ana milia." Wazo ni zuri. Shida huanza wakishaingia mtandaoni, maana wanarudi na majibu manne yanayopishana, kila moja na picha zake za kuvutia, kila moja likijitangaza kuwa ndiyo hesabu ya rangi za wanyama.

Mwaka juzi kundi moja lilichagua kwa macho. Walihangaika wiki tatu na kompyuta ya kuazima mpaka wakatoa madoa ya chui, chui mtupu, meza yao ikajaa watu. Kisha jaji mmoja akainama na kuuliza, "Hapa mmepima nini?" Wakatazamana. Hawakuwa wamepima kitu. Picha inayofanana na chui hata mchoraji wa nyuma ya daladala anaitoa, tena kwa siku moja.

Ndiyo maana nimeziweka hizi nne pamoja, kwa ajili ya mwanafunzi, mwalimu wa klabu, au yeyote anayetaka kuchagua moja na kukaa nayo.

Nitazipima kwa nini

Kwa kila moja nitauliza: inajibu swali gani hasa? Inataka hesabu ya kiwango gani, na vifaa gani? Maabara imeiunga mkono kiasi gani? Na je, hapa ziwani yupo mnyama ambaye mwanafunzi anaweza kumfikia, akamhesabu au akampima? Nasema mapema kwamba swali hili la mwisho mimi nalipa uzito kuliko mengine. Ukiwa na maabara nzuri au wiki nyingi mkononi, unaweza kuyapanga vingine.

1. Turing: kichochezi na kizuizi

Mwaka 1952 Alan Turing, yule Mwingereza aliyesaidia kuvunja siri za mawasiliano ya Wajerumani wakati wa vita, alichapisha makala kuhusu jinsi maumbo yanavyotokea katika viumbe. Alionesha jambo lisilotegemewa. Tumezoea kuona kitu kinachosambaa kinaishia kuwa sawa kila mahali: sukari kwenye chai haibaki mafungu mafungu. Turing akasema, weka kemikali mbili zinazoathiriana, moja isambae taratibu na nyingine haraka, na huko kusambaa kwenyewe kunaweza kuzaa mafungu.

Wanafunzi hawalielewi hili mpaka niwapeleke kwa bodaboda. Dereva akisimama kona fulani akapata abiria, wa pili anakuja, wa tatu anakuja. Kijiwe kinajiita chenyewe. Lakini kijiwe hicho hicho kinanyonya abiria wa mtaa mzima, kwa hiyo atakayejaribu kuanzisha kingine hatua hamsini mbele atashinda njaa. Hakuna aliyepima barabara kwa futi kamba, ila ukitoka Igoma kuelekea mjini utakuta vijiwe vimejipanga kwa umbali unaokaribiana. Mvuto unaishia karibu, njaa inafika mbali. Gierer na Meinhardt, Wajerumani, waliliweka sharti hilo wazi mwaka 1972: kichochezi kifanye kazi karibu, kizuizi kifike mbali.

*Hesabu.* Milinganyo yenyewe ni kalkulasi inayozidi hata ile ya kidato cha sita, kwa sababu kiasi cha kemikali kinabadilika kwa muda na kwa mahali kwa pamoja. Usitishike lakini. Tokeo lake kubwa ni la kugawanya tu: umbali kati ya mlia na mlia unawekwa na kemikali, hauwekwi na ukubwa wa mnyama. Idadi ya milia ni urefu wa ngozi siku ile mchoro ulipoanza, gawanya kwa umbali huo. Jonathan Bard alilifanyia kazi jambo hili mwaka 1977 kwa pundamilia. Alikadiria kwamba milia huanza ikiwa na nafasi ya karibu milimita 0.4, kiinitete kikiwa bado kidogo sana. Punda milia wa nyikani, huyu wetu wa Serengeti, ana milia kama 26. Punda milia wa Grevy, wa kaskazini mwa Kenya na Ethiopia, ana milia inayokaribia 80. Zidisha: 26 mara 0.4 ni milimita 10.4, na 80 mara 0.4 ni milimita 32. Kiinitete hufikia vipimo hivyo katika wiki ya tatu na wiki ya tano. Kwa hiyo si lazima wanyama hawa wawili wawe na kanuni mbili. Mmoja alichorwa mapema, mwingine akachelewa wiki mbili.

*Vifaa.* Kompyuta, na uvumilivu. Ukikosea namba moja unapata ukurasa mtupu wa kijivu.

*Ushahidi.* Kwa miaka mingi wanabiolojia waliikodolea macho tu nadharia hii. Mwaka 1995 Kondo na Asai wa Japani walifuatilia samaki wa baharini wa jamii ya Pomacanthus na kuona kwamba akikua, milia haitanuki kama chapa ya fulana iliyovutwa. Milia mipya inachomoza katikati ya ile ya zamani ili nafasi irudi kuwa ile ile. Mwaka 2021 ikaripotiwa kwamba ngozi ya paka aliye bado tumboni ina jeni iitwayo Dkk4 inayochora ramani ya mabaka kabla hata ya manyoya kupata rangi, na protini yake ni ya aina ile inayozuia. Upande wa pili wa shilingi: kwa samaki mdogo wa maabara mwenye milia, pundamilia wa majini, kazi hiyo inaonekana kufanywa zaidi na seli zinazogusana na kusukumana kuliko kemikali zinazoelea. Umbo la hesabu linabaki, mfanyakazi ni mwingine.

*Ukiwa Mwanza.* Nenda Mwaloni, Kirumba. Usiangalie samaki kwanza, angalia paka. James Murray alionesha kwamba kwenye eneo jembamba kama mkia, madoa hukosa nafasi ya kukaa ubavu kwa ubavu na kugeuka pete. Hivyo mnyama anaweza kuwa na mwili wa madoa na mkia wa pete, ila mwenye mwili wa milia na mkia wa madoa anakwenda kinyume na hesabu. Duma, chui na kanu wanalitii. Paka wa Mwaloni mwenye mabaka ubavuni na pete mkiani anawaonesha wanafunzi nadharia nzima bila umeme.

*Inamfaa* kundi lenye mtu mmoja anayependa kompyuta kweli, na lenye muda. Inawafaa pia wasio na kompyuta kabisa, wakikubali kuacha picha na kujaribu utabiri: mikia na idadi ya milia.

2. Otomata za seli: kila gamba linawatazama majirani

Hapa hakuna kemikali. Kuna vyumba, kama karatasi ya grafu. Kila chumba ni cheusi au cheupe, na kila baada ya hatua moja kinaamua rangi yake kwa kuwatazama majirani. John von Neumann na Stanislaw Ulam waliibua wazo hili katika miaka ya 1940, wala hawakuwa wakifikiria ngozi ya mtu.

*Hesabu.* Kujumlisha na kutoa. Na kwa kuwa nimeona watu wakilipita jambo hili haraka, nitakaa hapa kidogo.

Chora mstari wa vyumba ishirini. Weka maharage saba mfululizo katikati. Sasa kwa kila chumba, hesabu maharage yaliyomo ndani yake na kwa jirani wa kushoto na wa kulia: vyumba vitatu. Toa idadi ya maharage yaliyo kwenye vyumba vya hatua ya pili na ya tatu, pande zote mbili: vyumba vinne. Jibu likiwa chanya, chumba kiwe na harage. Likiwa hasi, kiwe tupu. Likiwa sifuri, kibaki kilivyokuwa. Vyumba vyote vinaamua kwa wakati mmoja, kwa hiyo andika matokeo kwenye mstari wa chini yake. Wengi hukosea hapa hapa, wanaondoa harage huku bado wanahesabu, kisha wanashangaa mbona mwenzao kapata vingine.

Chumba cha katikati kabisa kina 3 toa 4, yaani hasi 1: harage linaondoka. Hatua inayofuata, mawili yaliyopakana na pengo nayo yanaondoka. Unabaki na maharage mawili, vyumba vitatu vitupu, maharage mawili. Rudia uwezavyo, hakibadiliki kitu. Bonge moja jeusi limejigawa kuwa milia miwili. Anza upya na harage moja peke yake: linakuwa matatu, halafu linasimama. Mara ya kwanza nilipolifanya hili mezani, kijana mmoja aliyekuwa amelala nyuma aliamka na kutaka kujua ingekuwaje kwa maharage tisa. Nikamwambia ajaribu. Jaribu na wewe.

Utaona kwamba sheria hii ni kijiwe cha bodaboda kile kile, karibu kunavuta na mbali kunazuia, ila kimevuliwa kalkulasi.

*Vifaa.* Karatasi ya grafu na nusu kikombe cha maharage. Excel ukiwa nayo.

*Ushahidi.* Ni finyu lakini mkali. Mwaka 2017 watafiti wa Geneva wakiongozwa na Milinkovitch walitoa taarifa ya mjusi mkubwa wa kusini mwa Ulaya ambaye akizaliwa ni kahawia mwenye madoa meupe, na akikua anakuwa mchoro wa magamba ya kijani na meusi. Waliwafuatilia mijusi hao kwa miaka, gamba kwa gamba, wakaona kila gamba linabadili rangi kulingana na rangi za magamba yanayolizunguka. Mjusi ni otomata inayotembea. Wakaonesha pia inatokeaje: ngozi ni nyembamba kwenye mipaka ya magamba, mawasiliano yanakwama pale, na milinganyo ya Turing ikilazimishwa kupita kwenye mipaka hiyo inageuka kuwa otomata. Kwa hiyo anayekuambia ya kwanza na ya pili ni maadui, hajafika huko.

*Ukiwa Mwanza.* Hapa ndipo inapopungukiwa. Mjusi yule hatunaye. Unaweza kuiga, huwezi kupima kirahisi.

*Inamfaa* mwalimu mwenye darasa la watu themanini na ubao mmoja, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha tatu.

3. Voronoi: kila mtu na kioski chake cha maji

Chukua mtaa wenye vioski vitano vya maji. Kila nyumba inachota kwenye kioski kilicho karibu zaidi. Ukichora mipaka kati ya wateja wa kioski hiki na kile, unapata vipande vyenye kingo zilizonyooka, vinavyokutana vitatu vitatu. Mchoro huo una jina la Georgy Voronoy, mwanahisabati aliyefariki mwaka 1908, na ukiutazama kwa mbali unamwona twiga.

*Hesabu.* Jometri ya sekondari: unganisha nukta mbili, chora mstari unaozigawa katikati kwa pembe mraba, rudia. *Vifaa* ni rula na bikari.

*Ushahidi.* Kama maelezo ya kibayolojia, kwangu hili ndilo lenye msingi mwembamba zaidi. Inaelezeka kwamba seli chache za rangi zinaanza hapa na pale, zinazaliana na kutanuka mpaka zikutane, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Marcelo Walter na wenzake waliijenga kwenye kompyuta wakapata twiga wa kuaminika. Ila picha kukubali si sawa na ngozi kukubali. Halafu kuna jambo la kwetu kabisa: vipande vilivyonyooka kingo ni vya twiga wa kaskazini mwa Kenya na Somalia. Twiga wa Kimasai, huyu wa Tanzania, ana mabaka yenye meno meno kama jani la mzabibu. Voronoi safi haitoi meno hayo.

Kuna utafiti uliotolewa mwaka 2018 kuhusu twiga wa Tarangire, ambako Derek Lee na wenzake walipima mabaka ya mama na ndama. Waligundua kwamba baadhi ya sifa, kama jinsi baka lilivyo karibu na duara na jinsi kingo zake zilivyo laini, zinarithiwa. Nukta zikitupwa ovyo ovyo tu, mtoto asingefanana na mama. Kitu fulani kinaongoza mkono.

*Ukiwa Mwanza.* Picha za twiga wa Serengeti zinapatikana, na lango la Ndabaka lipo barabara ya Musoma kwa shule inayoweza kukodi basi. Chapisha picha moja, chora Voronoi juu yake kwa penseli, pima mwachano kwa milimita. Hicho ni kipimo halali, hata jibu likiwa "haikubali".

*Inamfaa* mpenda jometri, mchoraji, fundi wa vikoi na batiki, na kundi lisiloogopa kuonesha kwamba nadharia yao imeshindwa.

4. Bendera: mahali ulipo ndipo panakupa rangi

Lewis Wolpert, mwaka 1969, alipendekeza jambo rahisi kuliko yote. Kemikali inatoka upande mmoja na kupungua kadiri unavyoenda mbali. Seli inasoma kiasi kilichopo ilipo: kikizidi kiwango hiki, kuwa bluu; kikiwa cha kati, nyeupe; kikiwa kidogo, nyekundu. Unapata bendera ya Ufaransa.

*Hesabu.* Kupungua kwa nusu. Kama kemikali ni 100 puani na inapungua nusu kila sentimita 3, basi ni 50 kwenye sentimita 3 na 25 kwenye sentimita 6. Mpaka ukiwekwa kwenye 25, rangi inabadilika hapo. Mtu wa logi anaimaliza kwa dakika kumi. *Vifaa*: kalamu.

*Ushahidi.* Mzito, ila si wa rangi. Mwaka 1988 Driever na Nüsslein-Volhard walionesha protini ya Bicoid ikipungua kutoka kichwani kwenda mkiani katika yai la nzi wa matunda, na mwili ukijipanga kwa kuisoma. Nzi huyo huyo ana hatua yenye milia saba ya protini, ambayo ukiitazama utaapa ni Turing. Siyo. Milia ile inajengwa kwa maagizo yaliyogawanywa, hata kuna agizo maalumu la mlia wa pili peke yake. Nawaambia vijana wangu wamkumbuke nzi huyu kila wanapotaka kusema "inafanana, kwa hiyo ndiyo".

*Ukiwa Mwanza.* Tuna mjusi mwenye jina letu, Agama mwanzae. Utamkuta akiota jua kwenye mawe: dume ana kichwa na mabega ya waridi au mekundu, na nyuma kote ni bluu. Rangi mbili, mpaka mmoja, hakuna kujirudia. Sidai kwamba imethibitishwa kuwa ni bendera ya Wolpert; ni mfano mzuri wa kuanzia kwa sababu unaweza kupima kutoka puani hadi penye mpaka, kwa picha yenye rula pembeni. Mfuate taratibu. Akiogopa rangi hufifia, na ukimkimbiza unapima hofu.

*Inamfaa* mtu mmoja anayefanya kazi peke yake, na kundi la biolojia lisilopenda hesabu nyingi.

Penye furu zote zinakutana

Kuna furu wa mawe, samaki wadogo wa ziwani humu, ambao wanasayansi wamewapa jina la jenasi Pundamilia, kwa Kiswahili kabisa, kwa sababu ya milia yao ya wima. Mmoja anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Sangara aliyeletwa ziwani aliwamaliza furu wengi, lakini hao bado wapo kwenye visiwa vya mawe karibu nasi.

Kwa samaki kama huyu swali linalotenganisha nadharia ni moja: akikua mara mbili, milia inakuwaje? Ikiwa hesabu ya Turing inaendelea kufanya kazi ngozini, milia inaongezeka, kama kwa Pomacanthus. Ikiwa mchoro uliwekwa mara moja na kutanuliwa, idadi inabaki na nafasi zinapanuka. Bendera ambayo kemikali yake haijui mwili umekua itaacha mpaka pale pale, kwa sentimita zile zile.

Kuna kikwazo kimoja kwa wapenda hesabu. Mwaka 2018 Kratochwil na wenzake walimlinganisha nyererei na furu mwingine wa Victoria mwenye mistari ya mlalo, wakakuta jeni moja, agrp2, inayozuia mistari hiyo isionekane. Walipoiharibu kwa nyererei, mistari ikajitokeza. Mchoro unaweza kuwapo, umezimwa tu. Hesabu inaeleza nafasi. Swichi ni habari nyingine.

Ukijaribu furu, mpige picha akiwa hai ndani ya beseni la maji, maana akifa au akitishika milia hubadilika, na usichanganye aina mbili kwenye jedwali moja. Kuwatofautisha ni kazi, muombe msaada mvuvi mzee.

Kwa hali yako

Kama una wiki mbili na huna kompyuta, chukua bendera na mjusi wa mawe, au Voronoi na picha tano za twiga. Kama unafundisha darasa kubwa kesho, nunua maharage. Kama kundi lina kompyuta na miezi mitatu, Turing inalipa, kwa sharti kwamba mwezi wa kwanza uwe wa kupima mnyama na wa pili wa kuchora. Vijana wangu wa mwaka juzi walianza kinyume. Kama unatafuta mchoro wa kitambaa na si jibu la biolojia, Voronoi au otomata, na usimsikilize jaji yeyote.

Mwenye kamera ya simu, mashua ya kuazima na subira ya kuhesabu furu thelathini wadogo kwa wakubwa, huyo ana swali zuri kuliko wote, ila aanze mapema mwakani. Na kama una Jumamosi moja tu, fika Mwaloni asubuhi na daftari lenye safu mbili, mwili na mkia. Nenda kabla ya paka kushiba, maana wakishashiba wanaikunja mikia na kulala juu yake.